Soya ya mjukuu na soya ya kuku: kisa cha banda moja la Chanika

Kuku walikuwa na siku 24 lakini ukiwaangalia ungesema 16. Niliwapima 20, mmoja mmoja, kwa mzani wa kuning'iniza, nikapata wastani wa gramu 580. Broila, yaani kuku wa nyama, wa umri huo, hata kwa joto letu la Dar, anatakiwa awe anakaribia kilo. Maranda yalikuwa yameloa, kinyesi kinanata, migongo ya vifaranga wengi haijaota manyoya ya maana. Jambo moja tu halikukaa sawa na picha ya ugonjwa: vyombo vya chakula vilikuwa vitupu. Kuku mgonjwa hali chakula. Hawa walikuwa wanafagia.

Ilikuwa Septemba 2024. Mimi ni afisa mifugo niliyeachana na ofisi, siku hizi nazunguka kwenye mabanda ya watu kuanzia Chanika hadi Kibaha, na wafugaji wananiita daktari hata nikikataa. Mwenye banda hili, ambaye majirani wanamwita Mama Kuku, aliingiza vifaranga 500. Siku kumi za mwanzo aliwalisha chakula cha kiwandani, kisha akahamia kwenye mchanganyiko wake mwenyewe, kama anavyofanya miaka yote. Kufikia siku niliyofika alikuwa amepoteza 22. Alikuwa ameshawapa dawa ya koksi (ugonjwa wa vijidudu vya utumbo), kisha antibiotiki, kisha vitamini, jumla shilingi 85,000, na alikuwa amegombana kwenye simu na wakala wa vifaranga kiasi kwamba jamaa alikuwa hapokei tena.

"Daktari, hivi vifaranga vimenitia umaskini," aliniambia kabla sijamaliza shikamoo.

Nilichinja watatu. Utumbo haukuwa na damu wala madoa ya koksi, ini lilikuwa safi, mapafu safi. Kisha nikafika kwenye kongosho, ule utepe wa rangi ya waridi iliyopauka unaolala ndani ya mkunjo wa mwanzo wa utumbo mwembamba. Wafugaji wengi hawautazami kabisa, wanautupa na matumbo. Kwa kuku hawa wadogo ulikuwa mnene kuliko niliozoea kuuona kwa kuku wa kilo mbili. Kwa wote watatu. Nikanawa mikono, nikaomba kuona stoo ya chakula.

Huko kulikuwa na viroba vya pumba, paraza la mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), na magunia mawili ya unga wa soya uliosagwa. Unga ulikuwa na rangi ya krimu iliyopauka. Niliunusa, nikaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa ladha ya maharage mabichi, ile inayokaba kooni.

Kuna kipimo cha kijijini ambacho nawapa wafugaji wote, na nakiandika hapa kwa sababu hakigharimu kitu. Jirani alikuwa na bustani ya mchicha na kibakuli cha mbolea ya urea. Tukachukua chupa mbili za siagi ya karanga zilizooshwa. Moja tukatia kijiko cha unga ule wa soya, nyingine kijiko cha mashudu ya soya ninayotembea nayo kwa kazi hii. Kila chupa ikapata nusu kijiko cha urea na maji ya vuguvugu, tukafunga vifuniko, tukaenda kunywa chai. Baada ya dakika 20 nikampa Mama afungue mwenyewe. Chupa ya mashudu haikuwa na harufu ya ajabu. Ya pili ilimfanya arudishe kichwa nyuma: amonia, harufu ya choo cha stendi.

Maelezo yake ni haya. Soya mbichi ina kimeng'enya kiitwacho urease kinachovunja urea na kutoa amonia. Kimeng'enya hicho chenyewe hakiwasumbui sana kuku, ila kinakufa kwa joto linalokaribiana na lile linaloua adui halisi, yaani vizuizi vya tripsini. Tripsini ndiyo inayomsaidia kuku kusaga protini tumboni. Ukimpa soya mbichi, vizuizi vinaikamata tripsini, kongosho linahangaika kutengeneza nyingine, linavimba, na protini inapita tu na kutoka kwenye kinyesi. Ndiyo maana maranda yalikuwa yameloa na kunata. Kuku alikuwa anakula kutwa nzima na bado mwili una njaa. Maabara wanafanya kipimo hichohicho kwa rangi au kwa kupima pH, na viwanda vya maana havipokei mashudu bila namba hiyo. Chanika tuna pua.

Nikamuuliza swali ambalo sikulipanga. Nilikuwa nimeona mjukuu wake akipewa uji uwanjani.

"Mama, soya ya uji wa mtoto unaifanyaje?"

"Naichemsha, naitoa maganda, naianika, halafu naikaanga kidogo ndiyo nipeleke mashineni pamoja na ulezi na karanga. Bila hivyo si mtoto ataharisha..."

Akanyamaza hapohapo. Akaitazama ile chupa.

Soya ya kuku? Aliinunua Tandale, kwenye soko la nafaka, punje kavu, gunia nne za kilo 100, zikapanda kirikuu hadi mashineni Chanika, zikasagwa, zikaenda moja kwa moja kwenye mchanganyiko. Muuzaji alimwambia kilo ya soya ni kilo ya soya.

Kwa nini mwanamke wa akili hivi aliacha mashudu

Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi, kwa sababu kosa la kulisha soya mbichi tunalijua na tunalisema kila semina. Kilichomsukuma ndicho kisichosemwa.

Miaka yote alikuwa ananunua mashudu ya soya. Mwezi Agosti alikuta bei imefika shilingi 2,300 kwa kilo katika duka lake la siku zote. Akarudi nyumbani amekasirika. Kijana wake, aliyemaliza chuo na anayeshinda kwenye simu, akamwonyesha habari: soya imeporomoka duniani, bei ya Chicago, soko la Marekani linalotazamwa na dunia kwa bei ya soya, iko chini kuliko wakati wowote tangu 2020. Habari ilikuwa ya kweli. Katikati ya Agosti mwaka ule busheli ilikuwa chini ya dola 10. Busheli ya soya ni kilo 27.2, kwa hiyo kwa dola ya shilingi 2,700 hivi ya siku zile, kilo moja ya punje kule haikufika hata shilingi 1,000. Kijana akahitimisha: "Mama, huyo mwenye duka anakupiga." Mama akahama duka, akaenda Tandale, akapata punje kwa 1,600. Akaona ameshinda.

Tuwe wa haki kwake. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Mashudu ya soya yana protini kama asilimia 45, punje nzima kama 37. Ukigawa bei kwa protini, punje za 1,600 bado zilikuwa rahisi kuliko mashudu ya 2,300, tena zina mafuta yake ndani ambayo ni nguvu kwa kuku. Tatizo ni kwamba bei ya mashudu ina kazi ndani yake: kiwanda kimekamua mafuta na kupasha joto. Katika kila kilo 100 za soya zinazoingia kiwandani, mashudu yanayotoka ni karibu kilo 79 na mafuta kilo 18 au 19. Chicago kwenyewe punje, mafuta na mashudu vinauzwa kama bidhaa tatu zenye bei tatu, na zinaweza kwenda njia tofauti wiki hiyohiyo. Mama alilinganisha bei ya punje na bei ya mashudu kama mtu anayelinganisha bei ya mpunga na ya wali.

Kosa lake jingine lilikuwa kubadilisha kilo kwa kilo. Mchanganyiko wake una kilo 26 za mashudu ya soya katika kila 100. Aliweka kilo 26 za punje zilizosagwa. Hata kama angezikaanga, protini ingepungua. Hili ni dogo mbele ya lile la kwanza, silirudii.

Chicago ni mbali, Tunduma ni karibu

Alichosoma kijana kwenye simu kilikuwa soko la watu wengine. Katika msimu wa 2023/24 dunia ilivuna karibu tani milioni 400 za soya, na nchi tatu, Brazil, Marekani na Argentina, zilitoa kama nne ya tano. Brazil peke yake ilivuka tani milioni 145. Mnunuzi mkubwa ni mmoja: China ndiko zao hili lilikoanzia, lakini leo inavuna kama tani milioni 20 na mwaka 2024 iliagiza tani milioni 105, nyingi zikiwa za kulisha nguruwe na kuku. Soya ya dunia inasafiri kutoka Amerika kwenda China kwa meli, na bei ya Chicago inapima mto huo.

Mama aliniuliza swali zuri: "Lakini bandari si iko hapa? Ngano mbona inakuja?"

Inakuja, ndiyo. Soya ya Brazil na Marekani karibu yote ni GMO, yaani mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na sheria zetu za bioteknolojia ni kali. Mzigo wa namna hiyo haushuki bandarini kwa kupiga simu tu. Halafu meli ya nafaka inabeba makumi ya maelfu ya tani. Inahitaji mnunuzi mwenye silo na kiwanda cha kukamua, anayeweza kulipia mzigo mzima kwa dola. Wafugaji wa Chanika wananunua viroba. Kwa hiyo soya yetu inakuja kwa lori: kutoka Songea, Namtumbo na Mbinga, kutoka Iringa na Njombe, na kutoka Zambia na Malawi, ambako kwa kuwa wote tumo katika eneo la biashara huria la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ushuru si kikwazo. Soya ya Zambia na mashudu yake yanapita Nakonde, upande wao wa mpaka, yanaingia Tunduma upande wetu. Ukitaka kujua bei ya chakula cha kuku Dar mwezi ujao, muulize dereva anayetoka Tunduma.

Na mwaka ule Tunduma ilikuwa na habari mbaya. El Niño ya msimu ule ndiyo iliyokausha mashamba ya Zambia. Serikali yao ilitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari. Mahindi yao yalianguka vibaya, soya pia, na Malawi haikusalimika. Maana yake wanaokamua soya kule walibaki wakigombania punje chache, na mashudu yaliyovuka mpaka yakaja na bei ya uhaba. Wakati huohuo Amerika ghala zilikuwa zimejaa. Bei mbili zikaachana, moja ikishuka na nyingine ikipanda, na wote wawili, mwenye duka na kijana wa chuo, walikuwa wanasema kweli.

Si mara ya kwanza bei ya Chicago kutowaambia watu wanacholipa. Julai 2018 China iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa soya ya Marekani. Bei ya Chicago ikashuka. Wabrazil, ambao ndio China iliwageukia, wakawa wanauza kwa nyongeza kubwa juu ya bei hiyohiyo. Aliyekuwa anatazama skrini ya Chicago aliona soya rahisi. Aliyekuwa anapakia meli bandarini Brazil aliona soya ghali.

Nilipokuwa namweleza haya, Mama alitaja dagaa. Alisema wakipanda bei, watu wote wa Chanika wanakimbilia soya, halafu soya nayo inapanda. Nikamwambia dunia nzima ilipita njia hiyo. Mwaka 1972 samaki wadogo wa pwani ya Peru, ndugu wa dagaa wetu, waliadimika, pia kwa sababu ya El Niño. Viwanda vya chakula cha mifugo vikakosa unga wa samaki vikageukia soya, bei ikaruka, na Juni 1973 serikali ya Nixon ikazuia soya ya Marekani isitoke nje. Zuio halikudumu, lakini Wajapani, waliokuwa wanategemea soya hiyo kwa tofu na misosi yao ya kila siku, walipata mshtuko, wakaenda kuwekeza kwenye nyika za Brazil zilizoitwa Cerrado, ardhi chachu ambayo kabla ya hapo wengi waliiona haifai kwa soya. Brazil tunayoiona leo ilipata msukumo hapo. Mama alisikiliza, kisha akasema, "Kwa hiyo samaki wa Peru ndio walioniponza." Sikumbishia. Tuna zao hili tangu Wajerumani walipolijaribu Amani, kule Tanga, mwaka 1907, miaka mingi kabla ya hiyo Brazil ya soya, na bado tunasubiri lori la Nakonde.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wa mjini hawalipendi na wakulima wanalipenda. Tangu 2020 China imefungua mlango kwa soya ya Tanzania, na kule Ruvuma soya inauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, wanunuzi wakishindana kwa wazi. Mkulima wa Namtumbo aliyekuwa anamsubiri dalali mmoja sasa anasikiliza bei. Mimi ningekuwa mkulima ningefurahi. Nikiwa upande wa banda, najua kwamba siku za kuokota soya ya bei ya kutupa baada ya mavuno zinakwisha, na mfugaji atakayeendelea kuzipigia hesabu atashangaa kila Agosti.

Tulichofanya, na ilivyogharimu

Siku ileile tulisimamisha ule mchanganyiko. Akanunua mashudu kwa ile bei aliyoikimbia, kwa duka lilelile, na mwenye duka hakumsema neno, jambo ambalo Mama alisema lilimuuma kuliko kusemwa. Dawa zote zikaachwa. Maranda yakabadilishwa. Baada ya siku nne kinyesi kikaanza kushika, na kuku wakaanza kupata manyoya. Kongosho linarudi, ila siku zilizopotea hazirudi. Siku ya 35, siku ambayo mwenye mgahawa wa chipsi kuku Gongo la Mboto alikuwa ameahidiwa kuku 200, wastani ulikuwa kilo 1.15. Alikuja, akainua wawili, akawarudisha chini, akaenda kwingine.

Kuku 472 waliuzwa kuanzia siku ya 47, wengi kwa wachuuzi wa Shekilango. Tulikaa na daftari. Kwa kununua punje badala ya mashudu alikuwa ameokoa shilingi 700 kwa kilo, kilo 400, yaani 280,000. Ukitoa gharama ya mashine, kama 256,000. Siku 12 za ziada zilikula karibu kilo 680 za chakula, kwa 1,350 kwa kilo ni 918,000. Weka dawa za 85,000. Mteja wa Gongo la Mboto sikumweka kwenye hesabu kwa sababu Mama alisema atamrudisha mwenyewe, na nadhani atamrudisha.

Zikabaki gunia mbili za soya iliyosagwa na swali la kuzifanyia nini. Unga ukiukaanga unaungua chini huku juu ni mbichi. Nilimshauri aukoroge na maji, auchemshe nusu saa kwenye sufuria kubwa, auanike juani juu ya turubai na autumie haraka kabla haujavunda. Ni kazi ya kuchosha na alifanya gunia moja tu. La pili alilimwaga kwenye shimo la mboji. Kwa soya ya mbele tulikubaliana: punje nzima, zikaangwe kwenye nusu pipa kwa moto wa wastani huku zikikorogwa, mpaka zipate rangi ya hudhurungi nyepesi na kupasuka ukizing'ata. Zisifike weusi. Soya iliyoungua inapoteza lisini, sehemu ya protini ambayo kuku anaihitaji ili akue, na kuku wanadumaa vilevile, tena kipimo cha urea kitakuambia mambo ni safi kwa sababu urease imekufa zamani. Kwa kuungua hakuna chupa. Kuna macho tu.

Kundi lililofuata liliingia Novemba, vifaranga 300. Nilipita siku ya 35 nikapima 20: kilo 1.7, chini kidogo ya nilichotaraji. Mimi nasema soya ya pipa la pili ilikaangwa haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Mama anasema ni vifaranga.